Kiangazi cha Wawili: Kambi, Mshipi na Matembezi Kuanzia Butare ya Rusizi

Butare ni tarafa ya wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi kabisa mwa Rwanda, katika nchi ambayo wengi bado wanaiita Cyangugu. Haifai kuichanganya na mji wa Butare ulioko kusini, ambao tangu mwaka 2006 unaitwa Huye. Msafiri anayetaja Butare peke yake wakati wa kukata tiketi Kigali anaweza kushushwa Huye, na msitu mzima wa Nyungwe ukawa bado uko mbele yake. Tiketi inayofaa ni ya Rusizi au Kamembe.

Mume na mke wanaotaka kulala hemani, kuvua samaki na kutazama nchi wana mandhari tatu zilizokaribiana hapa. Upande wa kaskazini-magharibi kuna Ziwa Kivu, lenye maji yaliyo mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki kuna Nyungwe, msitu wa milima unaofika mita 2,950 kwenye kilele cha Bigugu. Upande wa chini kuna bonde la Bugarama, lenye kimo cha takriban mita 950, ambalo ndilo sehemu ya chini kuliko zote nchini Rwanda. Kwa kila mita 100 za kupanda, joto hupungua kwa karibu nusu nyuzi au zaidi kidogo. Wawili wanaolala Bugarama wakiwa wamejifunika shuka hutetemeka msituni usiku unaofuata, ingawa hawakusafiri mbali. Kwa hiyo mpango wa safari hii hutengenezwa kwa kimo: nguo, chakula, dawa na mahali pa kulala hupangwa kwa kuuliza kwanza usiku huo utakuwa mita ngapi juu.

Majira

Kiangazi kirefu cha Rwanda huanza Juni na kuisha Septemba mvua zinaporudi. Njia za msituni hukauka, barabara za udongo hupitika, na maji ya mito hupungua. Msituni, hata hivyo, kiangazi si ukame. Ukungu hupanda asubuhi, umande hulowesha hema kana kwamba mvua imenyesha, na manyunyu huja bila kutangulizwa na mawingu mazito. Koti la mvua halibaki nyumbani hata mwezi wa Julai.

Jambo linalogawa kiangazi hiki sehemu mbili ni samaki. Kila mwaka uvuvi wa Ziwa Kivu husimamishwa kwa takriban miezi miwili, kwa kawaida kati ya Agosti na Oktoba, ili samaki wazaliane. Tarehe kamili hutangazwa mwaka kwa mwaka. Wawili wanaopenda mshipi wanapaswa kuja Juni au Julai. Wanaopenda matembezi tu wanaweza kuja hata Agosti, wakikubali kwamba ziwa watalitazama bila kutupa ndoana.

Mwezi wa angani nao una neno. Wavuvi wa Kivu huvuta samaki kwa taa usiku, na mbalamwezi ikiwaka taa hizo hupoteza nguvu. Anayetaka kuona ziwa lililojaa taa za wavuvi achague usiku wa giza, si siku za mwezi mpevu.

Vibali, saa na fedha

Wakenya na Waganda huingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, na raia wa nchi nyingine hubeba pasipoti. Vitambulisho vya wote wawili hubebwa popote, kwa kuwa nyumba za wageni na walinzi wa hifadhi huviomba. Saa za Rwanda ziko nyuma kwa saa moja kulinganisha na Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Magari hupita upande wa kulia, jambo ambalo mtu wa Tanzania, Kenya au Uganda hulisahau anapovuka barabara.

Njia ya kawaida ni basi kutoka kituo cha Nyabugogo, Kigali, kupitia Huye na Nyungwe mpaka Kamembe. Safari hii huchukua karibu siku nzima ya mchana, na saa za mwisho hupita katikati ya msitu. Kamembe pana pia uwanja wa ndege, na safari za kutoka Kigali huulizwa mapema. Kutoka Kamembe kwenda vijijini hutumika mabasi madogo na pikipiki. Abiria wa pikipiki huvaa kofia ngumu, na kila pikipiki hubeba abiria mmoja, hivyo wawili hukodi mbili.

Hifadhi ya Taifa ya Nyungwe husimamiwa na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda kwa ushirikiano na shirika la African Parks tangu 2020. Kuingia, kuongozwa njiani na kupiga kambi vyote hulipiwa, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hupewa bei nafuu. Nafasi ya kwenda kuwaona sokwe huwekwa mapema, kwa sababu idadi ya watu kwa siku ina kikomo. Mjini malipo ya simu yamezoeleka, lakini vijijini noti ndogo ndogo ndizo zinazosaidia kununua ndizi, mayai na kuni.

Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na Kamembe na Bugarama, miji ya biashara ya mpakani, kimezoeleka sokoni kwa miaka mingi. Milimani, Butare ikiwemo, Kinyarwanda ndicho kinachotawala. Maneno matatu hufungua milango: mwaramutse kwa asubuhi, mwiriwe kwa jioni, na murakoze kwa kushukuru.

Mizigo ya wawili

Faida ya kusafiri wawili ni kugawana uzito. Hema la watu wawili hugawanywa: mmoja hubeba kitambaa, mwingine fito na vigingi. Jiko na sufuria huenda kwa mmoja, chakula kwa mwingine. Maji, dawa na tochi havigawanywi. Kila mmoja huwa na vyake, kwa kuwa siku ya kupotezana njiani ndiyo siku vinapohitajika. Mzigo wa kila mtu usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili wake, na mwenye nguvu zaidi hachukui vyote, kwa sababu akichoka yeye safari imesimama.

Vitu visivyokosekana ni hema lenye kifuniko cha pili cha mvua, turubai la kutandika chini, mifuko ya kulalia inayohimili baridi ya nyuzi chini ya 10, mikeka ya sponji, sweta nene, soksi ndefu, viatu vya kupandia vilivyokwisha kuzoeleka mguuni, na chandarua kwa ajili ya ziwani na Bugarama. Nguo za kulalia hufungwa katika mfuko usiopitisha maji na hazivaliwi mchana hata kama zile nyingine zimelowa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, na mizigo hukaguliwa mpakani. Vyakula hufungwa katika vitambaa, makopo au karatasi.

Kupiga kambi

Rwanda haina pori la kujichagulia. Nje ya hifadhi, kila kilima kina shamba na kila shamba lina mwenyewe. Ndani ya hifadhi, kambi huruhusiwa mahali palipotengwa tu. Katika tarafa kama Butare, adabu na sheria hufuata njia moja: wageni hujitambulisha kwa mkuu wa mtaa, na kukiwa na shaka hupelekwa kwa katibu mtendaji wa tarafa, ambaye wananchi humwita gitifu. Uwanja wa nyumba ya wageni, wa parokia au wa shule iliyofungwa kwa likizo hupatikana kwa ruhusa ya namna hiyo, na hema lililowekwa kwa ruhusa hulindwa na mtaa mzima.

Msituni, kambi inayojulikana ni ya Uwinka, penye kituo cha wageni, kimo cha karibu mita 2,450. Baridi ya usiku hapo huuma, na kahawa ya alfajiri huwa dawa. Ziwani, nyumba nyingi za wageni za pwani ya Kivu hupokea wenye mahema katika bustani zao.

Mahali pa hema huchaguliwa mapema, kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa kuwa giza la ikweta huingia ghafla. Hutafutwa ardhi iliyoinuka kidogo, isiyo chini ya tawi kavu wala mti uliooza. Bondeni maji hutuama na hewa baridi huteremka kukaa huko usiku. Mstari wa siafu ukionekana karibu, hema huhamishwa hapo hapo. Siafu hawafukuzwi kwa dawa ya kupulizia. Mlango huelekezwa upande usiopigwa na upepo, kamba hukazwa, na hema hufunguliwa kidogo juu ili pumzi za wawili zisigeuke matone ndani.

Jiko la mlimani

Maji huchemka mapema mlimani. Uwinka yanafikia mchemko kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100, kwa hiyo chakula huiva polepole. Maharage makavu hayafai kabisa. Humaliza gesi kabla ya kulainika. Yanayofaa ni wali wa mchele uliolowekwa, viazi vilivyokatwa vidogo, mayai, chapati zilizopikwa mjini, dagaa na maharage yaliyokwisha chemshwa nyumbani. Maji ya kunywa juu ya mita 2,000 huachwa yachemke kwa dakika 3, wakati ziwani dakika 1 inatosha.

Moto wa kuni msituni huwashwa mahali palipoandaliwa tu, na kukata miti ni kosa. Jiko dogo la gesi huondoa shaka yote, lakini haliwashwi ndani ya hema hata mvua ikinyesha, kwa sababu moshi wake usioonekana huua. Mabaki ya chakula hufungwa na kuondolewa, maana nyani akizoea kambi moja huzisumbua zote.

Kuvua Ziwa Kivu

Kivu lina eneo la takriban kilomita za mraba 2,700, na kina chake hufika karibu mita 485. Maji yake ya chini yamebeba gesi ya methani na kaboni dioksidi, hayana oksijeni, na hayana samaki. Uhai wote uko tabaka la juu, na hii ndiyo sababu uvuvi wake hufanyika karibu na uso au kandokando ya pwani. Hakuna mamba wala kiboko, jambo linalolifanya liwe ziwa la kirafiki kwa mgeni, ingawa pwani yake huporomoka ghafla hatua chache kutoka ukingoni.

Samaki wanaohusu msafiri ni wawili. Wa kwanza ni sambaza, samaki mdogo wa fedha aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa maji ya wazi ya Kivu hayakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea humo. Hunaswa kwa wavu mkubwa unaoning'inizwa kati ya mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu. Jioni wavuvi hutoka wakiimba ili makasia yaende pamoja, huwasha taa, na hurudi alfajiri. Mgeni haendi kuvua sambaza mwenyewe. Hupanga na chama cha ushirika cha wavuvi kusindikiza mitumbwi kwa boti nyingine, au hungoja ufukweni saa kumi na mbili asubuhi na kununua walio wabichi bado.

Wa pili ni tilapia, naye ndiye wa mshipi. Hukaa kwenye ghuba tulivu zenye majani na mawe, katika maji ya mita chache. Kifaa ni chepesi: mshipi mwembamba, ndoana ndogo, boya, risasi moja na chambo cha minyoo au donge la ugali uliokandwa na mafuta kidogo. Saa nzuri ni tangu mapambazuko hadi saa tatu asubuhi, kabla upepo wa mchana haujainua mawimbi. Ndoana hushushwa karibu na ukingo wa majani, boya likizama huvutwa kwa mkono mwepesi, maana mdomo wa tilapia huchanika.

Jike la tilapia hubeba mayai na vifaranga mdomoni. Samaki akitolewa na mayai yakamwagika kutoka kinywani, hurudishwa majini mara moja pamoja nayo. Wadogo hurudishwa pia. Wawili hawahitaji zaidi ya samaki wanne kwa siku, na ziwa linalolisha maelfu ya familia halistahili kuvuliwa kwa ajili ya picha.

Ruhusa huulizwa kwa ushirika wa mahali na kwa ofisi ya wilaya kabla ya kutupa ndoana. Nyavu za matundu madogo, zinazoitwa kaningini, zimekatazwa, na anayekutwa nazo hushtakiwa. Ndani ya Hifadhi ya Nyungwe uvuvi hauruhusiwi katika mto wala kijito chochote. Kila anayepanda mtumbwi huvaa jaketi la kuokolea, hata anayejua kuogelea.

Samaki wa asubuhi huliwa mchana wa siku hiyo. Huparuliwa magamba, hutolewa matumbo, huoshwa, hupakwa chumvi na ndimu na kukaangwa. Sambaza hukaangwa wazima mpaka wakauke, huliwa kwa pilipili pamoja na ugali au ndizi. Wakikauka vizuri, wanaweza kubebwa hadi kambi ya msituni kesho yake.

Mwendo mfupi wa boti kutoka Kamembe kuna Nkombo, kisiwa cha wavuvi ambako watu huzungumza Kimashi, lugha waliyo nayo pamoja na Washi wa upande wa Kongo. Ni mahali pa kujifunza jinsi familia nzima inavyoishi kwa wavu.

Matembezi ya msituni

Nyungwe ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,000, na Septemba 2023 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO. Ina aina 13 za jamii ya nyani, miongoni mwao sokwe na mbega, ambao hapa hutembea makundi ya mamia, na zaidi ya aina 300 za ndege. Kila matembezi huongozwa na mlinzi wa hifadhi. Wawili huchagua njia kwa pumzi ya yule mnyonge kati yao.

Kutoka Uwinka, njia ya Igishigishigi, iliyopewa jina la kangaga kubwa lenye umbo la mti, ina urefu wa kilomita 2 hivi na hupita kwenye daraja la kuning'inia lililofunguliwa 2010. Daraja lina takriban mita 160 na huvuka korongo juu ya vilele vya miti. Anayeogopa kimo hutangulia, mwenzake akifuata nyuma, na wote hutazama mbele. Njia ya kupanda Bigugu ni ya siku nzima na inahitaji mapaja yaliyozoea. Njia ya maporomoko ya Ndambarare, karibu na Gisakura, ni ya saa chache na hupita kando ya mashamba ya chai. Kinamasi cha Kamiranzovu, ambako tembo wa mwisho wa Nyungwe alikufa 1999, hutembelewa na wapenda ndege.

Mgongo wa milima hii hugawa maji ya bara. Mvua inayonyesha upande wa magharibi huishia mto Kongo na Atlantiki. Ile ya mashariki huingia Rukarara, kijito ambacho Mjerumani Richard Kandt alikitambua 1898 kuwa chanzo cha mbali cha Nile. Msafiri anayesimama juu ya mgongo huo hutazama mito miwili mikubwa ya Afrika ikianza safari bega kwa bega.

Sokwe huonekana pia Cyamudongo, kipande cha msitu kilichojitenga na Nyungwe, ndani ya Rusizi. Safari huanza saa kumi na moja alfajiri, na watoto wadogo hawaruhusiwi. Wanapopatikana, wageni hukaa nao saa moja tu, wakiacha nafasi wanayoelekezwa na mlinzi. Mwenye mafua hubaki kambini, kwani ugonjwa wa binadamu huua sokwe. Suruali huingizwa ndani ya soksi kwa sababu ya siafu.

Bonde la Bugarama

Kutoka milima ya Butare, barabara huteremka kwenye mashamba ya mpunga ya Bugarama. Baada ya usiku wa baridi, wawili hujikuta kwenye joto la kuvulia sweta. Mchele wa bonde hili unajulikana Rwanda nzima, na hununuliwa hapo hapo. Karibu, kwenye eneo la machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji, kuna chemchemi za maji moto ziitwazo Amashyuza, ambako watu huja kuloweka miguu na migongo inayouma. Maji hujaribiwa kwa mkono kwanza, pembeni huteleza, na wenyeji huulizwa hali ya siku hiyo kabla ya kushuka. Baada ya siku za kupanda, hakuna mwisho mzuri zaidi kwa misuli.

Afya na mpaka

Malaria ni kali zaidi bondeni kuliko msituni. Dawa ya kinga huanzwa kwa ushauri wa daktari kabla ya safari, na chandarua hutumika kila usiku ziwani na bondeni. Jua la mlimani huunguza hata chini ya mawingu. Mmoja akianza kutetemeka, kutamka maneno kwa shida na kuchanganyikiwa baada ya kulowa, ni baridi imemwingia mwilini: huvuliwa nguo zilizolowa, huvalishwa kavu, huingizwa katika mfuko wa kulalia na kupewa chai ya sukari.

Msitu wa Nyungwe umeungana na Kibira ya Burundi, na Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024. Upande wa pili wa mto Rusizi ni Kongo. Kwa hiyo njia za miguu zinazoelekea mpakani haziguswi, askari na madaraja hawapigwi picha, na habari za usalama huulizwa upya kila asubuhi kwa viongozi wa mahali. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya asubuhi. Magari husimama na maduka hufungwa, kwa hiyo safari haipangwi kabla ya saa tano.

Mpangilio wa siku kumi

Siku mbili za kwanza ni za Kamembe: kupumzika, kununua vyakula na kupanga na wavuvi. Ya tatu na ya nne ni za mshipi, Nkombo na taa za usiku. Ya tano ni ya kuhamia Gisakura, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, na kuona maporomoko. Ya sita na ya saba hulalwa Uwinka, kwa daraja na Bigugu au kinamasi. Ya nane huachwa wazi makusudi, kwa mvua, uchovu au mguu uliopata malengelenge. Ya tisa ni ya Cyamudongo na kulala Butare, na ya kumi ni ya kuteremka Bugarama na kurudi Kamembe.

Kila jioni, kabla ya taa kuzimwa, wawili hukaa dakika chache kupanga kesho: nani anachota maji, nani anapika, wanaanza saa ngapi, na nani amechoka. Uamuzi wa kurudi nyuma huwa wa yeyote kati yao, bila kubishaniwa njiani. Asubuhi ya kuondoka, hema hukaushwa juani kabla ya kukunjwa, majivu humwagiwa maji, takataka zote hubebwa, na mmoja huzunguka kambi mara ya mwisho kuhakikisha kwamba ardhi imebaki ilivyokutwa.